Kesho ni Uhuru, na Oilers wanaanza

Leo nimefunga kibanda mapema, saa tatu usiku hii, unga wa kesho nimeshakanda nikaufunika, simu iko kwenye chaji na bando nimenunua la wiki nzima. Kesho tarehe 9 Oktoba 2025 ni Siku ya Uhuru, Uganda inatimiza miaka 63, na alfajiri kabla hata watu hawajaamka kwenda kwenye sherehe, Edmonton Oilers wangu, timu ya hoki ya barafu kule Kanada, watakuwa wanaanza msimu wa 2025-26 nyumbani kwao dhidi ya Calgary Flames. Kwao itakuwa bado Jumatano usiku. Nina furaha na nina wasiwasi, vyote kwa pamoja, usingizi ndo umekataa kabisa kwa hiyo wacha niandike.

Hapa Malaba mpakani wameshanizoea lakini dereva mgeni akinikuta saa kumi usiku nageuza chapati huku macho yako kwenye simu lazima aulize, dada unaangalia nini, nikimwambia ni hoki ya kwenye barafu anacheka, halafu anasogea kuangalia, halafu chai yake inapoa. Mmoja wa matenka ya mafuta nilipomweleza kwamba jina la timu maana yake ni watu wa mafuta, kwa sababu Edmonton ni mji wa mafuta, akasema basi hii ni timu yetu sisi wa matenka, na tangu siku hiyo kila akipita kuelekea Kampala anapiga honi mbili na kuuliza, "Watu wetu vipi?"

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeniingiza. Alifika Edmonton mwaka 2017, wakati ule ule Oilers wameingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006, akakuta mji mzima umevaa rangi ya chungwa na yeye hajui ni sikukuu gani. Wenzake kazini wakamchukua wakaenda naye kuangalia kwenye tivii. Anaendesha lori kule, na baridi ya kule anasema inafika nyuzi thelathini chini ya sifuri mpaka kope zinashikana, mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu anaongea dakika mbili tu anakaa kimya. Oilers wakishinda ndo alikuwa anaongea. Ikawa mimi hapa nafuatilia matokeo ili nijue kama leo kaka atapiga simu au atatuma ujumbe tu, yaani hivyo ndivyo nilivyoanza, sikuanza kwa kupenda mchezo.

Kuupenda kulikuja baadaye. Wako watano kwenye barafu na golikipa wa sita, vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini, na kitu kilichonimaliza ni vile wanavyobadilishana bila mchezo kusimama, mtu anacheza kama dakika moja hivi kwa nguvu zake zote anakimbilia benchi, mwingine anaruka ukuta anaingia, kama dereva na tanboi wake wanaopokezana usukani, ila hawa lori lenyewe halijasimama!

Na kuna hii paki, kile kidude cheusi wanachokipiga. Kaka alinitumia moja kwa mkono wa mtu aliyekuja likizo. Naiweka juu ya daftari la madeni ili upepo wa malori usiparaganye kurasa. Ni kipande cha mpira mgumu, cha duara, unene inchi moja, upana inchi tatu, ukiishika unashtuka jinsi ilivyo nzito, kama gramu 170. Upande mmoja ina lile tone la mafuta la Oilers na rangi ya chungwa imeanza kubabuka pale ninaposhikia na vidole vyenye mafuta ya kupikia. Eti kabla ya mechi wanazigandisha ili zisidundedunde. Hiyo kitu ikimpiga golikipa kifuani mimi huwa najishika kifua huku.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mwaka 2024 tulifika fainali ya Kombe la Stanley, ndo kombe la ubingwa wa ligi yao, na Florida Panthers, ni mechi saba, wa kwanza kushinda nne anachukua. Tukapigwa tatu mfululizo. Watu wote wamekata tamaa, tukarudisha tatu, ikawa tatu kwa tatu, mechi ya saba tukafungwa 2-1. Bao moja jamani. Connor McDavid, kapteni, akachaguliwa mchezaji bora wa mtoano mzima ingawa kapoteza, na hakutoka kuja kuichukua ile zawadi, na mimi nilimwelewa kabisa.

Mwaka huu tena, fainali, Panthers wale wale. Mechi ya nne siwezi kuisahau, tuko chini 3-0 baada ya kipindi cha kwanza, nikaweka simu chini nikasema wacha nipike, dereva mmoja akanambia dada, wamerudisha moja. Ikaja 3-3, tukaenda mbele 4-3, wakasawazisha zimebaki kama sekunde ishirini, na dakika za nyongeza Leon Draisaitl wetu akamaliza. Ilikuwa inapambazuka, nilipiga kelele mpaka askari wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Kaka akapiga simu, tukaongea mpaka chapati mbili zikaungua. Halafu mechi ya sita, tukafungwa 5-1, Sam Reinhart wa Panthers peke yake kafunga mabao manne. Kaka alituma neno moja tu, "Basi." Hakupiga simu wiki nzima.

Siku hiyo nilisema siangalii tena. Nilisema kwa moyo wote. Mama ndiye aliyenirudisha bila kujua, nilikuwa nyumbani Tororo mwezi wa nane ananiuliza, hawa watoto wa barafu wanaanza lini tena? Mama hajawahi kuona hata mechi moja. Lakini hajamwona mwanawe kwa macho tangu 2017 na anajua wakishinda simu italia.

Basi naomba nini mwaka huu. Naomba Zach Hyman apone vizuri ule mkono aliofanyiwa upasuaji, tulimkosa mno kwenye fainali, anayesimama mbele ya golikipa na kupigwa fimbo za mgongo bila kulalamika ndo mtu wa kazi. Naomba golini kutulie, maana mwaka huu kwenye mtoano tulikuwa tunawabadilisha Skinner na Pickard kama tairi za spea. Naomba Draisaitl afunge tena kama msimu uliopita alipofunga 52. Panthers kapteni wao Barkov ameumia goti vibaya na kuna watu wanashangilia, mimi hapana, nataka tuwapige wakiwa wazima wote.

Juzi Jumatatu ndo nimepata habari iliyonipa nguvu. McDavid kasaini tena, dola milioni 12.5 kwa mwaka, na kila mtu anajua angeweza kudai zaidi ya hapo, Draisaitl anapata 14. Kaacha hela ili timu iweze kulipa wengine. Lakini kasaini miaka miwili tu! Kaka ana wasiwasi sana na hiyo miwili, anasema huyu akiondoka mji utalia kama ulivyolia Gretzky, nyota wao wa zamani, alipouzwa 1988. Mimi naona ni mtu anayesema nipo, ila tufanye haraka. Oilers wana makombe matano, la mwisho 1990, na timu yoyote ya Kanada haijachukua tangu Montreal 1993. Ana miaka 28, amekuwa kapteni tangu ana 19. Nataka nimwone akilinyanyua lile kombe zito juu ya kichwa, sitaki kusikia habari za bahati nzuri mwakani.

Na nataka iwe nyumbani, Edmonton, kaka akiwa barabarani na watu wake, simu iko hewani, mama kaamshwa.

Mechi ni 82 kabla ya mtoano, najua ni mbali. Kesho ni Calgary, majirani, kilomita kama mia tatu barabara moja, zaidi ya hapa mpaka Kampala, na hawapendani kabisa. Kaka kashatuma picha, kavaa jezi juu ya koti. Yule wa tenka naye kapiga simu kutoka Eldoret, anasema nimwekee chapati nne na nisianze bila yeye. Sasa nimeweka alamu mbili, paki nimeiweka kando ya mto hapa.