Pinboli ya robo dola Las Vegas, nikicheza nimeketi

Mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma kwenye ubao ulioinama chini ya kioo, imeundwa kwa mtu aliyesimama. Mimi natumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo najua. Vitufe vya kuchezesha flipa, vile vibao vidogo vinavyopiga gololi irudi juu, viko ubavuni, kimoja kushoto na kingine kulia, na hapo mikono yangu inafika bila taabu. Shida ni magoti, yanayogonga tumbo la mashine kabla sijaisogelea vizuri, na macho, ambayo kutoka chini yanaona nusu tu ya uwanja wa gololi.

Naishi Las Vegas, napokea simu hotelini, na nilikuwa natafuta starehe isiyokomba mshahara. Mdogo wangu ndiye aliyeleta wazo la pinboli. Tukaanza kuzunguka.

Ukumbi mmoja, ambao sitautaja, haupokei sarafu. Unanunua kadi, unaweka dola, zinageuka pointi, na kila mashine imebandikwa idadi ya pointi tu. Nikamwuliza kijana wa kaunta mchezo mmoja ni senti ngapi. Akatabasamu, akanisomea pointi. Nikatoa simu, nikagawa dola nilizolipa kwa pointi nilizopewa, kisha nikazidisha: mchezo wa gololi 3 ulipita dola moja. Mtu akikuficha bei kwa hesabu, hesabu ndiyo dawa yake. Halafu kulikuwa na viti virefu vya baa mbele ya mashine. Marekani ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 1990, na viwango vyake vinataka njia ya upana wa inchi 36, kama sentimita 91. Hapo njia ilikuwepo mpaka wateja walipoketi.

Tulikotulia ni Pinball Hall of Fame, jumba lililo Las Vegas Boulevard upande wa kusini, karibu na lile bango la kukaribisha wageni ambapo watalii hupanga foleni ya picha. Lilianzishwa na mkusanyaji Tim Arnold, na pale lilipo sasa lilihamia 2021. Kuingia ni bure, kuegesha gari bure. Unalipia mchezo tu, kwa sarafu, na bei inafuata umri wa mashine: nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zinakula robo dola, zilizofuata zinapanda, mpya kabisa ndizo zinazofika dola. Noti ya dola 10 kwenye mashine ya chenji inakupa sarafu 40. Piga hesabu mwenyewe.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba zile za bei ya chini ndizo ninazoziona. Mashine mpya imejaa njia za juu, za plastiki na waya, na masanamu. Aliyesimama anaona vyote kutoka juu, aliyeketi anaona ukuta. Ya zamani uwanja wake uko wazi, karibu bapa, gololi haina pa kujificha. Nyingine bado zimepangwa zitoe gololi 5 badala ya 3. Na ukifikisha alama za kupewa mchezo wa bure, ndani kunalia ko! moja kavu ambayo safu nzima inaisikia.

Namna ninavyokaa: navua vikanyagio vya miguu, naongeza mto chini, kisha nachagua mashine ya mwisho wa safu ili nijipange bila kubanwa na jirani. Breki nafunga, maana ukipiga kitufe kwa nguvu kiti kinarudi nyuma. Kuitikisa mashine ili kuokoa gololi siwezi kwa kiuno kama wenzangu, naisukuma kwa viganja, kidogo tu, kwa sababu ikizidi inazima flipa na gololi unaipoteza.

Kwa zile mpya ambazo mdogo wangu anazitamani, tunagawana. Yeye anasimama upande wa kulia, mimi niko kushoto, kila mmoja na flipa yake.

"Kaka, yako hiyo! Yako!"

"Nimeiona, usinipigie kelele."

Kusema kweli mara nyingi sijaiona, naifuata sauti yake. Lakini dola moja inaburudisha wawili, na alama tunazopata si za kuchekwa.

Kuna jambo hunichekesha nikiwa pale. Jiji la New York lilipiga marufuku pinboli 1942 kwa madai kwamba ni kamari, na halikuiruhusu tena mpaka 1976. Ile ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kweli ilikuwa bahati zaidi, kwani flipa zilikuja 1947. Kabla ya hapo ulirusha gololi ukaomba Mungu. Sasa niko kwenye mji wa kamari, na pinboli ndiyo mashine pekee ambayo najua kabisa itanitoza kiasi gani kabla sijakaa mbele yake.

Ukitaka kwenda na kiti, nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi jioni watoto wamejaa, na mashine za mwisho wa safu zote zimeshashikwa. Mashine ikimeza sarafu bila kuwaka, mwite mhudumu. Za zamani ni mitambo ya waya na sumaku, nazo huharibika.