Nilivyoupima ufa wa Kanda pale plau haijafika

Ufa wa Kanda, mahali ardhi ilipokatika na upande mmoja kushuka, unapita juu ya nyanda za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ukiutazama bila kuujua utaona tuta refu tu, shamba moja liko juu, jingine chini. Katika utafiti wangu wa shahada nilipewa kipande kinachopita karibu na Sumbawanga, nikadirie kinaweza kuleta tetemeko kubwa kiasi gani.

Picha za setilaiti hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni plau. Kule watu wanalima kwa maksai, na kila msimu udongo wa juu unasogezwa chini, mpaka tuta linapoteza umbo lake. Ukipima hapo unapima kilimo.

"Mzee, hapa ni wapi hapajawahi kulimwa?" nilimwuliza mwenyeji wangu.

"Makaburini, mwanangu. Nani atapitisha ng'ombe pale?"

Tuliomba ruhusa kwa wenyewe, tukavuta tepu pembeni, kutoka juu ya tuta hadi chini, tukisoma mwinuko kila baada ya hatua chache. Mteremko haukuwa mmoja. Chini ulikuwa mkali, juu yake umelala. Sehemu iliyolala ni ya zamani, mvua imeshailainisha. Ile kali ni mpasuko wa baadaye. Maana yake ardhi ilikatika zaidi ya mara moja, na anayechukua kimo chote kuwa kazi ya tetemeko moja anatisha watu bure.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kujua urefu unaoweza kupasuka. Kwa kanuni ya Wells na Coppersmith ya 1994, inayokadiria ukubwa wa tetemeko kutokana na urefu wa mpasuko, kilomita 50 zikipasuka kwa mkupuo unapata tetemeko la ukubwa wa takriban 7.0, kilomita 100, 7.4. Tofauti inaonekana ndogo, ila nishati inakuwa zaidi ya mara tatu. Na tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910, ambalo baadhi ya wataalamu hulihusisha na ufa huu, linakadiriwa kuwa la 7.4. Kwa hiyo sikukubali kwamba kipande changu lazima kivunjike peke yake, eti kwa sababu tu ndiyo mipaka niliyochorewa.

Msimamizi alitaka namba moja. Nilimpa 7.0 hadi 7.4, bila makadirio ya miaka ya kujirudia. Hiyo inahitaji kuchimba handaki kukatiza ufa na kupima umri wa mkaa uliomo kwa kaboni 14, na bajeti yangu ilikuwa imeishia kwenye nauli.