Siku yangu na seli za jua za plastiki, Mikindani

Saa 12 asubuhi niko juu ya paa la nyumba ya mama, nafuta umande na chumvi kwenye sampuli za seli za jua za kikaboni, yaani zinazotumia plastiki na molekuli za kaboni badala ya silikoni. Kila seli ni ndogo kama ukucha. Tunazitengeneza chuoni, lakini chuoni hakuna upepo wa bahari, ndiyo maana nimezileta huku.

Saa 1 na nusu, chai na ming'oko.

Saa 3 jua limekolea, naanza kupima volti na mkondo. Kazi hii naipenda kuliko zote. Tabaka linalokusanya mwanga lina unene wa takriban nanomita 100 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ndani yake, nguvu ya mwanga husafiri kama nanomita 10, ikikosa pa kugeuka umeme inapotea. Kwa hiyo polima, yaani plastiki, inayotoa elektroni na molekuli inayozipokea huchanganywa zigusane kila mahali. Joto likizidi, mchanganyiko hujitenga kama tui lililolala.

Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak alitangaza seli ya kikaboni yenye ufanisi wa karibu asilimia 1, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme. Mwaka 2019 molekuli ya Y6, mpokea elektroni iliyobuniwa China, ilifikisha asilimia 15.7, na sasa maabara kadhaa zimevuka 19. Nazifurahia sana namba hizo. Lakini hupimwa seli ikiwa mpya. Ninayoifuatilia mimi ni muda ambao seli inachukua kushuka hadi asilimia 80 ya nguvu yake ya mwanzo.

Saa 7 mchana mabati yanachoma. Seli nilizoziacha wazi kwa makusudi zimekufa, oksijeni na unyevu vimezimaliza. Zilizofungwa kati ya vioo viwili zinaendelea, ila zina adui wa ndani: oksidi ya zinki, safu inayopitisha elektroni, ikipigwa na miale ya urujuanimno huchochea kuvunjika kwa molekuli za jamii ya Y6. Baadhi nimezibandika filamu ya kuzuia miale hiyo. Zinapoteza mwanga kidogo, lakini zinashuka taratibu kuliko wenzake.

Saa 10 jioni napanda daladala kwenda mjini kwa mjomba, fundi sola.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Leta nione.”

Anaikunja sampuli ya plastiki, anaipima uzito kiganjani. “Hii hata paa la makuti linaibeba. Paneli ya kioo huwezi. Lakini mteja wangu anauza korosho, hela kubwa anaishika mara moja kwa mwaka. Akinunua kitu, kikae.”

Paneli za silikoni anazofunga yeye huja na dhamana ya nguvu ya hadi miaka 25. Hapo ndipo tunaposhindana.

Saa 2 usiku natuma vipimo chuoni. Tumekubaliana: toleo lijalo litakuwa na oksidi ya bati badala ya zinki, bila filamu, lipandishwe paani kabla mvua hazijaanza.