Jumanne ya giza, mwalo wa Igombe

Kwa kipato, nachaji betri za taa za dagaa hapa Igombe, Mwanza. Usiku napima nyota zinazolipuka. Kazi zote mbili zinataka giza: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, nami naifunika darubini. Leo ni Jumanne, tarehe 24 Juni 2025, mwezi mpya bado haujaandama, na mwalo mzima uko kazini.

Saa 12 asubuhi. Mitumbwi inaingia. "Mwangaluka!" Napokea betri, nazifuta maji ya ziwa, nazipanga kwa majina ya matajiri wao.

Saa 3 hadi saa 8 mchana. Paneli, nyaya, vumbi la kiangazi. Nafuta paneli, nageuza, nafuta tena.

Saa 9 alasiri. Nafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika juu yake 2460851. Ni namba ya siku. Wapima nyota wana hesabu yao ya siku, inayotiririka bila miezi wala miaka, na siku yao inaanza adhuhuri kwa saa za Greenwich, yaani saa 9 alasiri kwetu. Ingeanza usiku wa manane, usiku mmoja wa kazi ungekatika tarehe mbili.

Saa 12 jioni. Nagawa betri. Mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, ananiuliza kila siku.

"Kijana, ile yako imelipuka?"

"Bado, mzee. Jana ilikuwa vilevile."

"Andika hivyo hivyo. Hata sisi tukikosa, BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, wanaandika sifuri."

Huyu ndiye aliyenigongea mlango Oktoba 2024 kuniambia kuna nyota yenye mkia upande wa magharibi, jua likishazama. Ilikuwa kometi, Tsuchinshan-ATLAS. Kuipima kulinitoa jasho, maana kometi ni ukungu na nyota ni kitone. Unaangalia kometi na kukariri mwanga wake, kisha unaziharibu nyota za jirani kwa makusudi: unazungusha lenzi mpaka zivimbe zifikie upana wa ule ukungu, ndipo unalinganisha.

Saa 2 usiku. Natoa darubini nje mapema kioo kipoe. Kioo chenye joto hufanya nyota zichezecheze.

Saa 4 usiku. "Ile yangu" ni T Coronae Borealis, kwenye kundi la nyota liitwalo Taji la Kaskazini. Iko kaskazini, juu kabisa ya taa za mitumbwi, umbali wa takriban miaka 3,000 ya mwanga. Ni nyota mbili: jitu jekundu, na pembeni yake nyota kibete nyeupe inayolinyonya. Gesi inarundikana juu ya kibete mpaka inawaka yote kwa mpigo. Hiyo ndiyo nova. Nyota yenyewe inabaki na kuanza kurundika upya. (Supanova ni jambo jingine, pale nyota yenyewe inavunjika.) Hii ililipuka 1866, ikalipuka tena 1946. Safari hii ikilipuka inatarajiwa kutoka kipimo cha mwanga cha 10 hadi karibu 2 (namba ikipungua, mwanga umezidi), yaani mwanga mara zaidi ya 1,000, na itaonekana kwa macho matupu siku chache tu.

Natafuta nyota iitwayo Epsilon kwenye lile taji, nasogea kidogo kuelekea kusini, naipata. Naweka ramani chini ya tochi nyekundu. Ramani za AAVSO, jumuiya ya Marekani inayokusanya vipimo hivi tangu 1911, huandika 98 badala ya 9.8, kwa sababu nukta ingeweza kudhaniwa ni nyota. Nachagua nyota mbili, moja angavu kuliko yangu, nyingine hafifu kuliko yangu. Natupia jicho, naondoa, natupia tena. Mwaka jana niliikodolea macho nikaona imepanda, moyo ukaruka, nikatuma kipimo. Haikuwa imepanda. Nyota nyekundu ukiikazia macho inazidi kung'aa machoni mwako, na kipimo changu kibovu kikawa kimeshafika kwa watu. Iliniuma sana. Sasa nahesabu mbili tu, nageuka.

Naandika: saa 4 na dakika 12, yaani 2460851.3. Kipimo 10.0. Vilevile.

Saa 5 usiku. Nageukia kusini, kwenye nova ya kundi la nyota la Lupus, V462 Lupi, iliyogunduliwa tarehe 12 mwezi huu. Hii imelipuka kweli. Wiki iliyopita ilikuwa imepanda hadi kwenye ukingo wa kuonekana kwa macho matupu, na sasa inaanza kufifia. Kila usiku nikikosa, panabaki tundu kwenye mchoro wa kushuka kwake, ndiyo maana usingizi unasubiri.

Saa 6 usiku. Umeme unamulika mbali, katikati ya ziwa. Natuma vipimo viwili kwa simu, nafunika darubini kwa turubai, natega kengele ya saa 11 alfajiri. Huko nje taa bado zinawaka. Nazihesabu, 41, na betri nyingi kati ya hizo zimetoka kwangu.