Siku moja maishani mwangu: baiskeli kwenye milima ya Irangi

Saa kumi na moja alfajiri

Mwezi wa nane hapa Kondoa, mkoani Dodoma, kuna baridi ya kuuma vidole, na upepo haupumziki. Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa baiskeli, na siku naianza na matairi. Wageni wa leo ni wanne, watatu wa Dar es Salaam na mmoja wa Arusha, wote waendeshaji wazuri waliozoea lami. Baiskeli nitakazowapa ni za barabara ya vumbi: usukani umepinda kwenda chini kama wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi ni pana, milimita 45, na ndani hakuna tyubu. Badala yake natia dawa nyeupe ya utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka unaisukuma ile dawa hadi kwenye tundu, inaganda hapo hapo, safari inaendelea. Huku kwetu mbigiri imejaa kando ya njia, na panapoishia mbigiri ipo migunga.

Napitisha kiganja polepole kila tairi, natafuta ncha ya mwiba iliyobaki ndani ya mpira. Kisha najaza upepo, paundi 30 mbele na 33 nyuma. Mgeni mmoja anabonyeza kwa kidole gumba: "Dada, hii mbona laini?" Namwomba asubiri tufike kwenye mchanga.

Saa kumi na mbili na nusu

Kutoka mjini hadi Kolo ni lami, zaidi ya kilomita 20, sehemu kubwa kupanda. Barabara hii ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018 na imetusaidia sana, lakini katika siku yangu yote hakuna kipande ninachokiogopa kama hiki. Malori na mabasi yanapita kwa kasi, na upepo wa lori unaweza kumyumbisha mtu mwepesi. Tunakwenda mstari mmoja, mimi nyuma kabisa na fulana inayong'aa. Nikipiga filimbi mara moja, wote wanashuka pembeni.

Saa mbili na nusu

Kolo. Chai ya tangawizi, maandazi, kisha ofisini kujiandikisha, kulipa na kupewa mwongozaji wa michoro ya kale ya miambani. Yeye anatangulia kwa pikipiki. Bila mwongozaji haendi mtu, na napenda utaratibu huo ubaki hivyo hivyo.

Saa tatu na robo

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Ni kilomita tisa au kumi tu hadi chini ya Mungomi, mwamba wenye michoro tunayokwenda kuiona, lakini ndani yake mna udongo wa kila namna, na kila mmoja unataka mkono wake. Asiyejua kuusoma udongo asiongoze watu Irangi.

Kwanza moramu, udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara. Magari yamepita juu yake kwa kasi mpaka imejikunja mikunjo midogo midogo ya kuvuka barabara. Ukiipanda mikunjo hiyo umekaza mikono, baada ya dakika kumi mabega yanawaka. Nawaonyesha ukingoni, pale ambapo gurudumu la gari halifiki: pana upana wa futi moja hivi, udongo umeshikana, kuna alama za baiskeli za wanakijiji. Waliopita na Phoenix zisizo na giya wameshatuchagulia njia. Mimi nawafuata wao.

Kisha mto wa mchanga. Mwezi huu hauna tone la maji juu. Mtu akifika kwenye mchanga kwa woga hukata usukani, gurudumu la mbele linazama, anaanguka. Nawaambia wabadili giya iwe nyepesi kabla ya kuingia, wakae nyuma ya tandiko, usukani wauache uelee, miguu isiache kuzunguka. Yule wa tairi laini anavuka bila kutia mguu chini, na ng'ambo anageuka kunitazama, uso wote kicheko.

Baada ya mto kuna korongo, na hapo nasimamisha msafara kila ninapopita na wageni. Ukuta wake umesimama wima, mwekundu, na juu yake mizizi ya mti inaning'inia hewani. Babu mmoja anapandisha kilima akisukuma baiskeli yenye gunia la mbaazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Na upepo huu mnakwenda wapi?"

"Kwa Mungomi."

Anaegemeza baiskeli yake, anatuonyesha mteremko wa pili wenye vichaka na miti michanga. Kule, anasema, alipokuwa kijana palikuwa pekundu tupu. Ndiyo habari ya Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Babu anakumbuka ng'ombe wa baba yake wakiswagwa kwenda tambarare, na mama yake akilia kwa ajili ya maziwa. Miti ilirudi, lakini kuna watu waliolipia miti hiyo. Nataka kila mgeni alijue hilo kabla hajapiga picha ya kijani.

Saa tano

Baiskeli tunaziacha chini, tunapanda kwa miguu. Mungomi wa Kolo ni mwamba ulioinama na kufanya paa, na chini yake ukutani wamo watu warefu wembamba wenye vichwa vya mistari, pamoja na wanyama wa porini, kwa rangi nyekundu ya mawe yenye chuma. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Ile myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, na Wasandawe wa hapa katikati ya nchi bado wana kumbukumbu za jadi hiyo. Miamba ya namna hii imetapakaa milimani, na tangu mwaka 2006 imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Chupa za maji zinabaki nje ya paa la mwamba. Zamani watu waliimwagia michoro maji ili rangi ikolee kwenye picha, na kila mara ilififia zaidi. Tena hapa bado wenyeji wanafanya matambiko ya kuomba mvua. Tunazungumza kwa sauti ya chini, na hakuna anayegusa ukuta.

Saa nane

Ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji. Mgeni wa Arusha anauliza kwa nini tusiendeshe kwenye hifadhi ya taifa yenye milima mikubwa, kwa mfano Udzungwa. Namjibu kwamba Udzungwa, hifadhi tangu mwaka 1992, haina barabara ndani; msitu ule ni wa kutembea kwa miguu, na unastahili hivyo. Irangi ni milima inayokaliwa na watu. Njia zake zimechongwa na waendao shambani na kisimani, na gurudumu halina haja ya kufungua njia mpya.

Saa tisa na nusu

Kwenye mteremko tairi la nyuma la mgeni mmoja linachanika ubavuni, jiwe jeupe lenye makali. Dawa inaruka kila upande na haizibi, mpasuko ni wa sentimita moja. Natoa kipande cha tairi kuukuu nilichokata nyumbani, nakipachika kwa ndani kikae sawasawa juu ya mpasuko, natia tyubu ya akiba, najaza upepo kidogo kidogo huku nikitazama ubavu usivimbe. Dakika ishirini. Inatufikisha Kondoa.

Saa moja usiku

Baiskeli nazifuta kwa brashi kavu na kitambaa, maana maji ya nguvu yanapeleka vumbi ndani ya beringi. Cheni napaka mafuta kidogo, ya ziada nafuta, la sivyo kesho itakuwa tope.

Simu ina ujumbe wa mgeni wa wiki ijayo anayekuja na baiskeli yake. Namjibu: tairi isipungue milimita 40, lita tatu za maji kwa mtu mmoja, na aniambie mapema kama hajawahi kupita kwenye mchanga, tuanze siku moja kabla.