Neno "tu" kwenye kazi ya taimingi

Jumamosi jioni, Nyakato, Mwanza.

Neno lenye hasara kuliko yote hapa gereji ni "tu": nibadilishie mkanda tu. Mkanda wa taimingi, ule wa meno unaofunga pamoja krankishafti (shafti ya chini, inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (ya juu, inayofungua valvu), haufi peke yake, huuawa na majirani zake. Beringi ya tensheni, yaani pulei inayokaza mkanda, ikikauka grisi inayumba, mkanda unatembea pembeni na kulika ukingoni. Sili ya kamshafti au ya krankishafti ikivuja, oili inalainisha mpira mpaka meno yanang'oka. Kwa Corolla yenye injini ya 5A-FE, basi, nunua mkanda, tensheni, springi yake na sili hizo mbili kwa mpigo. Pampu ya maji ya injini hii inazungushwa na mkanda wa nje. Kama haivuji, iache.

Kufungua hakuna siri. Jeki na kipande cha mbao chini ya sampu (karai la oili), mauntingi inayoshika injini upande wa mkanda itoke, plagi zote nne zitoke ili injini izunguke kwa mkono, kisha kava zenye bolti za spana namba 10. Alama ya pulei ndogo ya chini ikutane na ile ya pampu ya oili. Tundu la pulei ya juu likutane na mkato wa kifuniko cha kamshafti. Tazama zote mbili. Krankishafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, kwa hiyo chini panaweza kukaa sawa huku juu pamegeuka kabisa.

Kosa la tensheni ndilo linalorudisha magari. Fundi anaisukuma kwa nondo mpaka mkanda ulie kama gitaa, anakaza. Siku chache baadaye unasikia mluzi: beringi inakufa. Kazi ya kukaza ni ya springi. Bolti ya tensheni inafunga tu (hii "tu" ni halali). Valisha mkanda, upande usio na tensheni ukiwa umenyooka, legeza bolti, iache springi ivute. Zungusha krankishafti mizunguko miwili kamili kufuata mwendo wa saa, hakiki alama, ndipo ukaze kwa nguvu ya Nm (nyutonimita) 37. Ukipita alama usirudi nyuma, zunguka upya.

Kava ya chini irudi na bolti zake zote. Vumbi la Buswelu halihitaji mlango mkubwa.

5A-FE ya kawaida ikikata mkanda inazima, basi. Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L au 5L inapinda valvu. Ndiyo maana ina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ya kukumbusha kubadilisha mkanda, huwaka kwenye kilomita 100,000, na ndiyo maana anayechomoa balbu yake anajichimbia shimo.

Gari la mtumba kutoka Japani, usiamini dashibodi kwanza. Fungua boneti utafute kibandiko cha mafundi wa huko: tarehe na kilomita za mkanda wa mwisho. Ukiona H28, yaani mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei kwa kalenda ya Kijapani, ni mwaka 2016. Kibandiko kisipokuwepo, hesabu mkanda umekwisha.