Ukuta wa Tumbo Usiolowa

Aliyewahi kulima magimbi anajua kwamba jani lake halilowi: maji yakilidondokea hujikusanya kuwa matone ya duara, yakateleza hadi ukingoni na kuanguka. Jani hilo lilinijia akilini niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 1983 na Brian Hills, Lenard Lichtenberger na mwenzao, ambamo tone la maji lilipowekwa juu ya ukuta wa ndani wa tumbo halikutandaa, bali lilisimama likiwa limejiviringa. Tumezoea kufundishwa kwamba tumbo hulindwa na ute, na ute wenyewe karibu wote ni maji. Kumbe ukuta huo una kitu kinachoyakataa maji.

Kitu hicho ni fosfolipidi, aina ya mafuta ambayo molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Seli za juu za ukuta huitoa pamoja na ute, na kwa maelezo ya watafiti hao, vichwa hushikamana na ute huku mikia ikielekea kwenye asidi, ambayo ukali wake hufikia pH 1 au 2. Asidi imo ndani ya maji, hivyo panapokosa kulowa hupata shida kupenya. Chini ya utando huo zipo kinga nyingine, hasa bikaboneti inayoipunguza makali asidi iliyofanikiwa kupita.

Nadhani hapa ndipo madhara ya dawa za maumivu kwa tumbo, kama aspirini, yanapoeleweka vizuri zaidi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali za mwili ambazo, pamoja na kazi nyingine, husaidia kulinda tumbo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwa sababu Lichtenberger na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba dawa za jamii hiyo hujishikiza kwenye fosfolipidi zenyewe na kuufanya ukuta uanze kulowa. Ndiyo maana ikabuniwa aspirini iliyochanganywa na fosfolipidi tangu kiwandani, ambayo imeidhinishwa nchini Marekani.

Bakteria Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, naye ana vimeng'enya vinavyovunja mafuta hayo. Kuna wanaouliza kama kiini cha yai au soya, vyenye fosfolipidi kwa wingi, vinaweza kuwa tiba ya vidonda hivyo. Mimi nisingeviweka mahali pa vipimo na dawa za kumwondoa bakteria huyo.